Majoho ya Upande Mmoja

Mshono ukikosewa unafumuliwa. Kitambaa kikishakatwa, kimekatwa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa nilipokalishwa mbele ya cherehani, na ndilo mjukuu wangu alilolielewa kupita kiasi. Kwa miaka sita aliyokaa kwenye duka langu la ushonaji alishona kila kitu, na hakukata hata leso.

Kushona anajua, simnyimi haki yake. Mshono wake umenyooka hata ukiutazama umelewa. Lakini kila nilipomwita kwenye meza ya kukatia, ghafla mkono ulimuuma, simu iliita, tumbo lilimsokota.

"Kata wewe, Bibi. Mimi bado najitafuta."

Miaka ishirini na sita, ndevu zimejaa kidevu, bado anajitafuta. Siku moja nilimuuliza kama ameshaangalia chini ya kitanda, maana huko ndiko nilikokuta soksi zake zote.

Mtaa mzima unamwita Bosi. Jina alijipa mwenyewe. Alichapisha na kadi: yeye ni Mkurugenzi na Mbunifu Mkuu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, akanipa na mimi cheo changu: Mshauri. Huyo Mshauri ndiye aliyekuwa akifagia, akikata, akipika, na kumwamsha Mkurugenzi saa tatu asubuhi kwa kumvuta shuka.

Sasa nisijifanye malaika. Nani alimlea? Mama yake, binti yangu, ni muuguzi. Kazi ilimpeleka mbali, akaniachia mtoto wa miaka mitano na begi la nguo. Wangu mwenyewe nilimlea kwa ukali, nikasema huyu nitamlea kwa subira. Subira yavuta heri, si ndivyo wanavyosema? Yangu ilivuta, ikavuta, ikachoka yenyewe. Kila alipoogopa mkasi niliuchukua mimi, nikijiambia keshokutwa atakua. Mtoto akishaona yupo mtu anayekua kwa niaba yake, yeye akue ya nini?

Wiki tatu kabla ya mahafali ya shule ya sekondari iliyo karibu nasi, niliteleza kwenye ngazi ya mlango wa duka. Ile ngazi ya pili, iliyomeguka, ambayo Bosi aliahidi kuiziba tangu mwaka juzi. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Hospitali wakanifunga plasta kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, daktari akasema wiki sita.

Fundi viatu, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuja kunipa pole. Akaitazama plasta, akamtazama Bosi, akaanza kucheka mpaka akashika mlango.

"Mama, mkono uliovunjika si wako," akasema. "Umevunjika wa huyu."

Alisema kweli, kwa sababu mezani palikuwa na robota la satini ya zambarau, na kitambaa hicho kilikuwa cha kazi ya shule. Majoho arobaini na mawili ya wahitimu. Mwalimu Mkuu alikuja mwenyewe kuagiza. Ni mwanamke mfupi ambaye sauti yake haipandi, maana haijawahi kuhitaji kupanda.

"Mama," aliniambia, "umetushonea sare miaka kumi na saba, na kwa heshima hiyo nakupa kazi hii. Lakini kuna kiwanda kinanibembeleza kila muhula. Mahafali ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ijumaa saa nne asubuhi nakuja kuchukua. Yakiwa hayapo, au yapo na hayavaliki, na sare nazo nitazipeleka kiwandani."

Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananijulisha. Na bila sare za shule ile, duka langu ni chumba chenye cherehani mbili na kalenda ya mwaka jana.

Kupima kulikwenda vizuri, kwa sababu kupima hakukati kitu. Bosi alizungusha utepe, mimi nikaandika kwa mkono wa kushoto tarakimu zilizolala kama walevi. Walikuja siku tatu mfululizo, hao watu wazima wa kesho. Mmoja alitaka joho linalobana kiunoni. Mmoja aliuliza kama joho linaweza lisiwe joho. Mmoja hakuja kabisa, alikuja mama yake, akanyoosha mikono apimwe yeye.

"Amelala," akasema. "Jana alichelewa na simu. Nipimeni mimi tu, mabega tunalingana."

"Na siku ya mahafali?" nikamuuliza. "Cheti utakipokea wewe?"

"Akiamka, atapokea mwenyewe."

Kisha alikuja kiranja mkuu, msichana mrefu mwenye maneno mengi kuliko mwili.

"Bibi, la kwangu liwe na mfuko wa simu. Mkubwa. Na lisinifanye nionekane mtu mzima."

"Hilo la mwisho usiwe na wasiwasi, mwanangu," nikamjibu. "Nguo haina uwezo huo."

Bosi akacheka sana kwa hilo. Alicheka kama mtu aliyesimama upande wa pili wa mto.

Baada ya kupima, kukata. Hapo Mkurugenzi akaanza kile alichokiita utafiti. Siku tano alikaa juu ya robota la satini akitazama kwenye simu video za watu wanaokata nguo. Nilimwona akimtazama mtu akikata gauni, kisha suruali, kisha, sijui kwa nini, tikiti maji. Siku ya sita akamtumia mama yake ujumbe wa sauti kwamba anahisi shinikizo. Mama yake akajibu kwa ile sauti ya kuongea na wagonjwa: "Mwanangu, usijilazimishe. Kila mtu na wakati wake."

Nikaisogelea simu. "Wakati wake ni Ijumaa saa nne!" nikasema. Bosi akaizima.

Kesho yake nilitakiwa hospitali kuangaliwa plasta. Kabla ya kuondoka nilimsimamisha mezani.

"Sikiliza, mume wangu. Joho lina vipande viwili vya mbele, cha kulia na cha kushoto, vinatazamana kama viganja vyako. Satini ina uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Kwa hiyo unakilaza kitambaa kwa kukikunja, uso kwa uso, halafu..."

"Bibi, nimeshaona yote kwenye video. Usinielekeze kama mtoto."

"Kama nani, basi?"

"Kama mtu mzima."

"Haya," nikasema. "Mtu mzima, mkasi ule pale."

Nikaenda. Foleni ya hospitali mnaijua. Niliporudi alasiri nilikuta vipande vimepangwa mezani kwa mafungu, vimebanwa kwa pini, pembe zake safi, na Bosi katikati yake anajipiga picha akiwa ameuning'iniza mkasi wangu begani. Amekata! Siku alipotembea mara ya kwanza nilifurahi, lakini si hivyo. Nikakaa kwenye kiti nikafuta macho kwa plasta. Sikugusa kipande hata kimoja. Fundi wa miaka arobaini, nikatazama kazi ya watu kwa macho ya bibi. Na mimi nina fungu langu katika yaliyofuata.

Siku mbili baadaye alimaliza kuunganisha migongo na mikono, akaanza pande za mbele. Nilikuwa nikipanga vifungo kwa mkono wa kushoto. Cherehani ikanyamaza.

"Bibi."

"Naam."

"Kitambaa hiki kina matatizo."

"Matatizo gani?"

"Yule muuzaji ametuuzia kitambaa chenye upande mmoja."

Nikainuka kwenda kuona. Alikuwa ameshika vipande viwili vya mbele, anavizungusha huku na huku kama mtu anayevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto na kushangaa mguu. Vyote vilikuwa vya kulia. Nikafungua fungu. Vya kulia. Nikafungua mafungu yote. Hakukunja kitambaa. Alikilaza tabaka juu ya tabaka, chote kikitazama juu, kama kinachosubiri mvua, akakata mara moja. Vipande themanini na vinne vya mbele, na cha kushoto hakipo hata kimoja cha dawa.

"Labda karatasi zako za vipimo zimezeeka," akasema.

Nikaendelea kurudisha vipande kwenye mafungu.

"Au yule wa kwenye video. Hakueleza vizuri. Watu wanapotosha sana mtandaoni."

Akatupa macho pande zote akitafuta mwingine wa kubebeshwa, na chumba chetu ni kidogo, watuhumiwa wakaisha haraka. Akaenda chumba cha nyuma, akajilaza kifudifudi juu ya mabaki ya vitambaa. Akasema ana msongo.

Nilikwenda mwenyewe kwa muuzaji. Zambarau ile imekwisha, akasema, robota jingine litakuja mwezi ujao. Niliporudi fundi viatu alikuwa ameshapata habari, ukuta wetu hauna siri.

"Mama, usihuzunike," akaniambia. "Tafuta wahitimu arobaini na wawili wasio na upande wa kushoto."

Bosi akatoka chumba cha nyuma, uso unameremeta.

"Nimepata! Nusu ya vipande, arobaini na viwili, tunavigeuza. Upande mmoja unang'aa, upande mmoja umefifia. Tunasema ndio mtindo."

"Tunasema nani na nani?"

"Mimi na wewe. Ukiulizwa, Bibi, sema tulifikiria pamoja."

"Mimi ni Mshauri tu, tena kwa herufi ndogo. Kwenye kadi zako hakuna mahali palipoandikwa shahidi."

"Lakini Bibi, tukisema ukweli, shule inaondoka!"

Hapo aliniweza. Miaka kumi na saba. Nilikaa nikaitazama ile kalenda ukutani, na ukweli ni kwamba ningekuwa peke yangu ningedanganya bila kupepesa. Lakini uongo huu ukitoka kinywani mwangu, ni mimi nimekata tena. Nikamwambia: "Shona. Ijumaa mimi sitasema neno. Wala la kukuokoa, wala la kukuzamisha. Utasema wewe."

Akashona. Siku hizo zote hakuhitaji kuvutwa shuka. Uongo nao una bidii zake.

Ijumaa saa nne kamili Mwalimu Mkuu akapanda ngazi zetu, akairuka ile ya pili, na kiranja mkuu nyuma yake kubeba mizigo. Majoho arobaini na mawili yalikuwa yametundikwa kwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta, yamepigwa pasi, kila moja nusu linawaka, nusu limezimika. Bosi alivaa koti.

"Mwalimu, ni makali!" kiranja akapiga kelele kabla ya salamu. "Hakuna shule nyingine yenye majoho hivi! Na mfuko wangu upo!"

Mwalimu Mkuu akashika joho moja, akalivuta kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa mbele, polepole, juu hadi chini.

"Nani kabuni?"

Bosi akakohoa. Nikajua hotuba yake ameifanyia mazoezi kwenye kioo.

"Ni mimi, Mwalimu. Unajua, kijana anayehitimu yuko katikati. Upande unaong'aa ni ujana wake. Upande uliotulia ni utu uzima unaokuja."

"Jamani," kiranja akashika kifua. "Imenigusa."

Nyuma ya ukuta nyundo ya fundi viatu ilisimama. Nilisikia akijizuia.

"Utu uzima ndio upande uliofifia," Mwalimu Mkuu akarudia.

"Ulio... tulia."

"Vizuri." Akatoa kijitabu kwenye mkoba. "Kesho utakuja. Nitakupa dakika tano jukwaani mbele ya wahitimu na wazazi wao. Uwaeleze maana ya majoho haya, halafu uwaambie wewe ulifikaje kuwa mtu mzima. Wanahitaji kusikia kwa kijana mwenzao, mimi wamenichoka. Nikuandikeje? Mkurugenzi?"

Bosi akafungua mdomo. Akanitazama. Nilimwona mtoto wa miaka mitano na begi lake, na mkono wangu usio na plasta uliniwasha kutaka kuuchukua mkasi. Nikaitazama plasta yangu. Nikaanza kusoma yale maandishi ya hospitali juu yake, kana kwamba nimeletewa barua.

"Mwalimu," akasema.

"Naam."

"Usiandike. Nilikata vibaya."

Kiranja akacheka, akidhani ni utani.

"Nilikilaza kitambaa chote kikitazama juu. Vipande vyote vikatoka vya kulia. Bibi alikuwa ananieleza, nikamkatisha. Si kitambaa, si karatasi za vipimo, si video. Na zambarau imeisha dukani, ndiyo maana nikavigeuza. Mtindo ni maneno tu." Na kwa kuwa mlango ulishafunguka, kikatoka na kisichoulizwa: "Na ile ngazi pia ni mimi."

"Ngazi gani?"

"Aliyoangukia Bibi. Niliahidi kuiziba tangu mwaka juzi."

"Hayo mtamalizana nyumbani," akasema Mwalimu Mkuu.

"Lakini ni mazuri!" kiranja akalia. "Kaka, kwa nini unayaharibu? Ungenyamaza tu!"

"Wewe beba," Mwalimu akamwambia, akamtwika kumi. Kisha akamgeukia Bosi. "Kabla ya kupewa ofisi nilifundisha ushonaji miaka tisa. Kipande kilichogeuzwa nakitambua nikiwa barabarani."

"Sasa mbona ulinisifu?"

"Nilikusifu saa ngapi? Nilikuuliza." Akafunga kijitabu. "Mavazi mengine sina, kwa hiyo watavaa haya. Kuhusu sare, kiwanda nitakijibu Jumatatu jioni. Jumatatu asubuhi nitakuja hapa, nataka shati moja la mfano. Utakata wewe, mimi nimekaa pale. Likitoka na pande mbili, tutaongea. Na dakika zako tano ziko palepale. Utawaeleza kama ulivyonieleza."

"Mbele ya wazazi?"

"Na mkurugenzi wa kiwanda. Nimemwalika."

Jumamosi alitumia dakika moja na nusu. Alisema alikata vibaya, akatafuta wa kumlaumu akakosa, akaketi. Kati ya wazazi ni yule mama wa mabega tu aliyepiga makofi huku akimtikisa mwanawe aamke. Wahitimu wao walishangilia wakisimama. Si kwa ukweli, msinielewe vibaya, walishangilia majoho. Mpaka leo wa kidato cha chini yao wanapita dukani kuulizia lini watashonewa ya makosa.

Jumatatu Mwalimu Mkuu alikaa kwenye kiti changu. Bosi akatandaza kitambaa cheupe, akakikunja, uso kwa uso, akakilainisha kwa kiganja mara nne ambapo moja ingetosha. Chaki ikachora mistari miwili, akafuta mmoja. Kisha akashika mkasi. Nilitamani kusema polepole. Nikauma ulimi. Sauti ya mkasi mkubwa juu ya meza ya mbao naijua miaka arobaini, ila siku hiyo niliisikia nikiwa nimekaa.

Alipoinua vipande, kimoja kilikuwa cha kulia na kimoja cha kushoto. Mwalimu Mkuu akaviweka kimoja juu ya kingine, akatazama pembe, akasimama.

"Mfano nishonee leo. Sare za muhula ujao ziko hapa. Za baadaye, tutaona."

Alipoondoka, Bosi alinitazama kama mtu anayesubiri ngoma ipigwe.

"Umeona, Bibi? Nimekua."

"Umekua upande mmoja. Sasa ile ngazi."

"Ah, Bibi!" Akajitupa kwenye kiti, akanyoosha miguu, simu ikawa tayari mkononi. "Leo nimechoka. Nitaitengeneza kesho."

Nyuma ya ukuta, fundi viatu akaachia kicheko alichokihifadhi tangu Ijumaa. Mimi sikucheka. Niliinuka nikaenda jikoni, nikatoa sufuria motoni, nikazima jiko, nikarudi kukaa kwenye kiti changu na mkono wangu wa plasta mapajani.

"Haya, mume wangu," nikamwambia. "Basi na chakula kitaiva kesho."

Alidhani natania. Akangoja. Na mimi kama kuna kitu nakijua duniani ni kungoja. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Ilipokaribia saa nane nikasikia akibisha hodi kwa fundi viatu kumwomba mwiko wa saruji.